Kivu ya Kusini: Mtoto aliyepona bwaki bado anahitaji mahali safi pa kutambaa na mtu wa kucheza naye

Giza likiingia, kwenye nyumba nyingi za wilaya ya Walungu mlango hufungwa na kila chenye uhai kiko ndani: wazazi, watoto, kuku, mbuzi, na dende wanaokimbia chini ya kitanda wakitafuta maganda ya viazi. Si uzembe wa mtu. Mbuzi anayelala nje, asubuhi anaweza asionekane. Miaka ya vita imefundisha watu kwamba mifugo ndiyo minervale na pesa ya hospitali, na pesa haiachwi nje usiku.

Tatizo ni kwamba kwenye udongo huo huo, asubuhi, anatambaa mtoto wa miezi kumi. Kila anachookota anakitia mdomoni.

Mtoto huyo ndiye watafiti wa afya wanamwangalia sana sasa, kwa sababu swali la zamani la Kivu bado halijapata jibu kamili. Mwaka 2013-2014, uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini RDC wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Katika Kivu ya Kusini walikuwa zaidi ya nusu. Hili ni jimbo lenye maharagi, sombe, maziwa ya Kabare na sambaza wa ziwa. Inakuwaje?

Huku utapiamlo una jina lake: bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto ananyamaza na hataki kucheza. Kule Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti cha IRSAC kilichoundwa mwaka 1947, hospitali ya watoto imetibu wagonjwa wa bwaki kwa miaka mingi na kuandika habari zao kwenye madaftari. Madaftari hayo yamevuka vita viwili. Ndiyo yaliyowezesha kazi moja ambayo haifanyiki mara nyingi Afrika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu (UCB), pamoja na wenzao wa Brussels, walitafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali Lwiro kati ya 1988 na 2007. Walikuwa watu wazima tayari, wengi wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Walipata 524, wakawalinganisha na wengine 407 wa maeneo hayo hayo ambao hawakuugua utotoni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Waliougua bwaki walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kufika mbali katika masomo, na walijithamini kidogo kuliko wenzao. Kwa wanawake, hata jaribio la kufikiri na kukumbuka lilitoa alama za chini zaidi.

Yaani mtoto alitoka hospitali akiwa amepona, uzito umerudi, mama akashukuru Mungu. Miaka ishirini baadaye alama bado ipo.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: chakula. Na chakula hakika kinahitajika. Bugali wa mihogo unashibisha lakini una protini kidogo mno. Mtoto anayekula bugali na mchuzi mwembamba tu anajaza tumbo bila kujenga mwili. Kwa sababu hiyo uji wa masoso, yaani mahindi, sorgo na soja, unajulikana sana katika vituo vya afya vya Kivu. Soja ni lazima ikaangwe kabla ya kusagwa, la sivyo tumbo la mtoto haliwezi kuitumia vizuri. Sambaza waliokaushwa na kutwangwa pamoja na mifupa yao huongeza kalsiamu. Haya akina mama wengi wanayajua vizuri.

Lakini mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika hapa hapa Kivu ya Kusini. Watoto kuanzia miezi sita walipewa chakula cha paste kilichotengenezwa kwa soja, mahindi na sorgo. Wengine walipewa uji wa kawaida wa mahindi na soja ulioongezwa vitamini. Ilitarajiwa kwamba paste itashinda. Haikushinda: kwa udumavu, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kubadilisha kilichomo kwenye sahani hakukutosha.

Hapo watu wakaanza kuangalia sakafu. Huko Walungu, watafiti wa chuo cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa Kongo walifuatilia watoto 270 wa chini ya miaka mitano. Walikaa nyumbani kwa familia kwa saa nyingi, wakiandika kila kitu ambacho mtoto alishika na kila alichotia mdomoni. Mwaka 2021 walieleza kwamba kutia mdomoni kinyesi au vitu vichafu, na kuwa karibu na wanyama, kunaambatana na kuhara na kukua vibaya.

Waganga wanaeleza hivi: mtoto anayemeza vijidudu kila siku, hata asipohara, utumbo wake unawaka ndani kwa ndani. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyonyonya chakula vinalala. Chakula kinapita, na nguvu kidogo iliyopatikana inatumika kupigana na vijidudu badala ya kurefusha mifupa. Mama anapika masoso vizuri, na masoso yanapotea njiani.

Isidhaniwe basi kwamba choo na sabuni vinamaliza kazi. Majaribio makubwa ya Kenya na Zimbabwe, yaliyotangazwa mwaka 2018 na 2019, yaliwapa familia vyoo na mahali pa kunawa mikono. Watoto hawakuongezeka urefu kwa sababu hiyo. Walioongezeka, tena kidogo tu, ni wale waliopewa nyongeza ya chakula. Wengi sasa wanafikiri kwamba kazi ile haikufika pale mtoto anapoketi. Choo ni cha mtu mzima. Mtoto wa miezi kumi anaishi chini.

Na kuna jambo la tatu, ambalo vituo vya afya vyetu halivijishughulishi nalo sana, kwa vile halina dawa wala kifuko cha kugawa. Katika mji wa Kingston, Jamaica, miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa maziwa ya unga, wengine walitembelewa kila juma na mtu aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto, wengine walipata vyote viwili. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Akili ya watoto ilipanda kwa chakula, ikapanda kwa mchezo, na zaidi kwa vyote pamoja. Miaka 20 baadaye, wale waliochezewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezewa.

Tangu enzi za foyer social za Wabelgiji, mama wa Kongo amefundishwa kupika, kushona na kuosha mtoto, kana kwamba kinachokosekana ni akili yake. Anayelima shamba la mtu mwingine tangu asubuhi na mtoto mgongoni, au anayemwacha kwa dada mwenye miaka saba ili aende kuuza ndizi Bukavu, hakosi mafundisho. Anakosa saa.

Yanayowezekana bila pesa nyingi ni machache: kona ya wanyama iliyozibwa kwa mianzi, mkeka au kipande cha shitingi ambacho ni cha mtoto peke yake na huoshwa kila siku, kumwimbia na kumtajia majina ya vitu wakati sombe inatwangwa. Baba pia anaweza kuimba.

Lakini tangu mapigano ya mwaka 2025 yaliyofika Goma na Bukavu, nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Chumba cha watu watano kinalaza kumi. Mkeka wa mtoto, pale ulipopatikana, hukunjwa jioni, kwa sababu ndipo wageni wanalala.