Mamba na Mkuki wa Pili: Utangulizi

Somo hili linaanzia mtoni, pale wanawake wanapochota maji. Kandokando ya Zambezi na Shire utamkuta mama amesimama juu ya ukingo, ameshika mti mrefu uliofungwa kibuyu kwenye ncha. Anakitumbukiza, anasubiri kijae, anavuta taratibu kisimwagike. Hakanyagi maji. Anajua kwamba mamba hukaa chini kwa muda mrefu bila kuibuka, na kwamba huwazoea watu wanaokuja saa zile zile kusimama mahali pale pale.

Nimeanza na kibuyu hicho makusudi. Wanafunzi wengi huingia katika uwanja wa anthropolojia wakidhani kwamba mtu anayesema "mamba yule alitumwa na mchawi" hamjui mamba. Anamjua kuliko sisi tuliomsoma vitabuni. Swali lake ni jingine: watu ishirini walishuka mtoni asubuhi ile, kwa nini akachukuliwa mwanangu?

Aliyetufundisha kulisikia swali hilo vizuri ni mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Afrika ya Kati. Kwao, wawindaji wakiua mnyama, nyama ni ya aliyechoma mkuki wa kwanza pamoja na aliyechoma wa pili. Basi mtu akiuawa na tembo, husemwa kuwa tembo ni mkuki wa kwanza na uchawi ni mkuki wa pili. Wameua pamoja. Weka mamba mahali pa tembo, utaelewa mazungumzo ya matangani katika vijiji vingi vya kando ya mito yetu. Hakuna anayekana meno ya mamba. Kinachotafutwa ni mkono wa pili, na mkono huo hutafutwa karibu: kwa mke mwenza, kwa jirani mliyegombania mpaka wa shamba, kwa bibi kizee anayeishi peke yake.

Mamba akiuawa, mambo hayaishi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kusini nyongo yake huaminiwa kuwa sumu kali kupita zote. Kwa hiyo mzoga hupasuliwa mbele ya mashahidi, na nyongo huteketezwa machoni pa watu, asije mtu akadaiwa baadaye kwamba aliificha. Katika miaka ya 1980 mtafiti N. Z. Nyazema wa Zimbabwe aliipima nyongo hiyo na hakuiona kuwa na sumu ya kuua. Imani haikutikisika. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu waliotoka mazikoni walikunywa kinywaji cha kienyeji ambacho huko nako huitwa pombe. Watu 75 walifariki. Mara moja ikasemwa ni nyongo ya mamba, ingawa mama aliyeipika alikufa pia. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria, na unga wa mahindi uliopikiwa ndio ulioshukiwa kuileta.

Nakuomba ukae na kisa hicho kwa muda. Jibu la maabara lilihitaji mashine na wataalamu wa mbali, na lilichukua miezi mingi. Jibu la nyongo lilipatikana siku ile ile, kwa lugha ambayo kila mfiwa aliielewa. Ukilidharau hutajifunza kitu. Ukilikubali tu, kuna mtu atakayelipia. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ramli ikishapigwa na jina likatajwa, anayetajwa huchomewa nyumba, hufukuzwa au huuawa. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, inayomkataza mtu kumtuhumu mwenzake, lakini mahakama iko mbali na kilio kiko uani.

Jambo jingine mara nyingi husahauliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ya ngozi iliwamaliza mamba katika mito mingi. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ulipoanza kazi mwaka 1975, wakalindwa na wakaongezeka tena. Mzee aliyeoga mtoni utotoni bila hofu ana haki ya kuuliza: hawa wametoka wapi sasa? Tusipomweleza historia hiyo, atapewa maelezo na mtu mwingine.

Serikali ya Tanzania hulipa fedha kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, nazo huitwa kifuta machozi. Haziitwi fidia, na wafiwa huiona tofauti hiyo. Maneno yana uzito kwao. Kwa hiyo ukifika kijijini na daftari lako, usianze kwa kuuliza ni nani mchawi. Toa pole kwanza, kaa mkekani. Kisha muulize mama mwenye msiba bomba la kijiji liliharibika lini, na tangu hapo maji amekuwa akichota wapi.