Kifaa cha Zamani Kwenye Wi-Fi: Kwa Nini Wote Huchelewa

Baadhi ya wanafunzi wetu wanaoishi Rwezamenyo hukutana jioni katika nyumba moja kufanya zoezi la kusikiliza kwa video fupi za mazungumzo. Mahali penyewe panafaa, kwani Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, ni jirani. Lakini kila laptopu ya mmoja wao, ya miaka mingi, ilipoanza kupakua, video zilikwama kwenye simu zote. Wenzake walimtaka aizime. Yeye hana nyingine.

Tulipoulizwa, tulidhani kosa ni la laini ya intaneti. Kumbe liko mle mle chumbani. Vifaa vinavyotumia ruta moja katika masafa mamoja hupokezana hewa ile ile. Kimoja kikisema, vingine hungoja. Ni kama darasa lenye kitabu kimoja cha kiada, ambapo kila mwanafunzi husoma aya moja kisha humpa mwenzake. Kanuni ya Wi-Fi hugawa zamu sawa, haigawi dakika sawa. Anayesoma kwa kusitasita hupata aya moja kama wengine, ila darasa zima humsubiri.

Tupige hesabu. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kifaa cha kiwango cha 802.11g, kilichotoka mwaka 2003, kikiwa kwenye kasi yake ya juu ya megabiti 54 kwa sekunde, huituma kwa milisekunde 0.22 hivi. Kifaa cha 802.11b, cha mwaka 1999, hakizidi megabiti 11, nacho huchukua milisekunde 1.09. Kikiwa mbali na ruta huweza kushuka hadi megabiti 1, na pakiti ile ile ikachukua milisekunde 12. Viwili hivyo vikipokezana bila kupumzika, kile cha megabiti 54 hakipati hata megabiti 1 kamili. Simu mpya haijageuka kuwa ya zamani. Kwenye zamu yake bado hutuma kwa kasi yake. Kilichopungua ni zamu.

Jambo la pili litawafurahisha wanaisimu. Kifaa cha b hakielewi namna kifaa cha g kinavyosimba data. Kwake ni kelele tu. Kwa hiyo vya g hulazimika kwanza kutoa tangazo fupi kwa msimbo wa zamani, polepole, kwamba hewa imeshikwa, ndipo virudi kwenye msimbo wao. Huku ni kubadili msimbo kwa ajili ya mgeni, na hufanyika hata mgeni akiwa kimya, mradi ameunganishwa.

Tusiulaumu uzee peke yake, hata hivyo. Simu ya mwaka huu iliyo nyuma ya kuta mbili za matofali nayo hushusha kasi yake, ikawa mzigo kama ile laptopu.

Kadi ya laptopu ile ni ya b, ambayo hutumia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta yao ina pia gigahezi 5, basi simu zikahamishiwa huko. Laptopu yenyewe ilikuwa na tundu la waya, ikaunganishwa na ruta kwa waya, na mwenyewe sasa hukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ambako waya unafika.