Umepata Sarafu ya Tundu Shambani? Soma Hii Kabla ya Kutuma Hata Bob Moja

Kama unalima majani chai Kericho au Bomet, huenda jembe lako limewahi kugonga kitu kidogo cha mviringo chenye tundu katikati. Pengine bado unacho nyumbani, ndani ya kopo la vifungo. Na pengine umeona tangazo kwenye Facebook au WhatsApp likisema kitu hicho kinanunuliwa kwa mamilioni. Leo tunaangalia mambo mawili: hiyo sarafu ni nini hasa, na huyo anayedai kuinunua anataka nini kwako.

Zilifikaje kwenye mashamba ya chai?

Kabla ya shilingi, Kenya ilitumia rupia. Mwaka wa 1920 serikali ya kikoloni ilileta florini, ambayo haikudumu. Kufikia 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imechukua nafasi yake, ikitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1919. Sarafu za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu, kwa hivyo ilikuwa rahisi kuzitunga kwenye uzi. Wazee wetu bado wanaikumbuka ile ya senti 5 kwa jina la ndururu.

Miaka hiyo hiyo ndiyo ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ilikuwa inagawiwa wageni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa walipewa mashamba hapo walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa za chai kama Brooke Bond zikaingia. Wafanyakazi waliishi kwenye laini, wakalipwa kwa sarafu hizi. Kuanzia 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, kile cheti kilichowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Kwa hivyo ukifukua senti 10 penye laini ya zamani, kuna uwezekano kwamba huo ulikuwa mshahara wa mtu.

Sarafu moja inawachangamsha sana wakusanyaji: ya mwaka wa 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII. Alitawala chini ya mwaka mmoja, na Afrika Mashariki ni kati ya sehemu chache zilizotoa sarafu zenye jina lake.

Shilingi ya Kenya ilianza Septemba 1966, na sarafu za Bodi zikaacha kutumika kihalali 1969. Usizipeleke benki ukitarajia kubadilishiwa.

Vipi kuhusu mashine ya kutafuta chuma?

Huko Uingereza watu wengi hutembea bustanini na mashambani wikendi na mashine hizi. Koili ya mashine hutoa nguvu ya sumaku. Ikipita juu ya chuma au shaba, umeme mdogo huzuka ndani ya kile kitu, na mashine inalia. Kwetu kuna shida mbili. Udongo mwekundu una madini mengi ya chuma, kwa hivyo mashine inaweza kulia bure. Pia chai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hiyo huila shaba. Sarafu nyingi hutoka zikiwa zimeliwa, na sarafu iliyoliwa hupoteza thamani. Ukiipata, ioshe taratibu kwa maji. Usiisugue kwa stili wulu.

Kuna sheria pia. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitafuta ardhini kunahitaji leseni. Ukikuta kitu cha aina hiyo, wajulishe Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwenye bustani ya umma, usichimbe bila ruhusa ya kaunti. Kwenye shamba la mtu au la kampuni, omba ruhusa ya mwenyewe.

Faida ya kufuata utaratibu ilionekana kisiwani Manda, karibu na Lamu. Mwaka wa 2013, watafiti wakiongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walitangaza kwamba wamepata hapo sarafu ya Uchina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Nayo ilikuwa na tundu, la mraba. Sarafu moja tu, lakini kwa sababu ilichimbuliwa kitaalamu, inasaidia kueleza biashara ya pwani yetu na Uchina.

Mnunuzi anayeomba pesa kwanza

Sasa tuje kwenye simu yako. Utapeli huu kwa kawaida huenda hivi. Mtu anatangaza kwamba ananunua sarafu za zamani, au ile ya shilingi 40 yenye picha ya Rais Kibaki, iliyotolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Unamtumia picha. Anakusifu na kukutajia bei ya kukupa kizunguzungu. Halafu anakuambia: "Mama, tuma 1,500 ya usajili ndio faili ifunguliwe." Ukituma, inakuja ada ya cheti, kisha ya usafiri, kisha "kodi". Matapeli hawa hawajali sarafu. Wanachotaka ni bonasi yako ya majani.

Ukweli ni kwamba sarafu nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa mamilioni. Nyingi ni kumbukumbu nzuri, lakini si utajiri.

Kabla ya kubonyeza "tuma", kumbuka haya:

- Anayenunua ndiye anayelipa. Muuzaji halipi ada ili alipwe.
- Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Anayekuomba PIN anataka kukuibia.
- SMS ya "umepokea" inaweza kuwa bandia. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu kabla ya kutoa sarafu.
- Akikuambia ametuma kwa makosa na umrudishie haraka, usitume. Mwambie apigie huduma kwa wateja.
- Mkutane mchana, mahali penye watu, na uende na mtu wa nyumbani.

Je, tayari umetuma? Tupigie mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Usifute ile SMS yenye kodi ya muamala. Ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB.

Na kama una kogo au mzee nyumbani ambaye bado ana ndururu zake, msomee makala haya leo jioni. Muulize pia ndururu moja ilikuwa inanunua nini.