Kabla hujapakia kontena lingine

Tangu mwaka uanze hii ni simu ya tatu. Safari hii alikuwa kijana mstaarabu anayeishi Uingereza. Yeye na wenzake wamekusanya vitabu. "Shikamoo mwalimu. Tuna kontena la futi 20, limejaa. Tulipeleke shule gani ya kijijini?" Nikamuuliza ni vitabu vya nini. "Mchanganyiko." Neno hilo nalijua. Maana yake hakuna aliyefungua maboksi.

Nitaeleza mara moja, ili anayejiandaa kupiga simu ya nne aokoe vocha yake.

Miaka michache iliyopita, nikiwa kwenye ukaguzi mkoani Dodoma, niliomba kuona maktaba ya shule moja ya msingi. Mwalimu mkuu alinipeleka stoo. Nyuma ya magunia ya mahindi ya uji kulikuwa na maboksi ya vitabu vya msaada, la chini kabisa limeshaliwa na mchwa. Nikafungua la juu: mwongozo wa kompyuta ya zamani, kitabu cha mapishi ya Krismasi, riwaya tatu za mapenzi, na kitabu kizuri sana cha watoto kinachofundisha kutengeneza mtu wa theluji. Nikamwita binti wa darasa la nne aliyekuwa akipita na ndoo, nikamwomba anisomee. Kilikuwa cha Kiingereza. Akasoma herufi kama zilivyoandikwa, kama alivyofundishwa kwa Kiswahili: "ma-ke." Akaangalia picha, akaniuliza kama yule ni mzimu. Huyo binti Kiswahili anakisoma bila kukwama. Aliyekosea ni aliyefunga boksi.

Najua jibu mnalolitunza: bora kitabu chochote kuliko kukaa bila. Hapana. Hata kitabu sahihi, kipya, cha mtaala, hakitoshi chenyewe. Mwaka 1996, huko Busia, Kenya, shule 25 kati ya 100 ziligawiwa vitabu rasmi vya kiada, na watafiti Glewwe, Kremer na Moulin wakafuatilia mitihani. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza darasa tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale ni lugha ya tatu. Kama kitabu cha kiada cha Kenya kilimpita mtoto wa Kenya, cha mapishi ya Krismasi kitamfanyia nini mtoto wa Dodoma, ambaye shule yake ya serikali inafundisha kwa Kiswahili?

Na fedha taslimu nazo si dawa. Kwenye jaribio la KiuFunza hapa Tanzania, mwaka 2013 na 2014, shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Ruzuku peke yake haikuongeza uwezo wa kusoma wala kuhesabu. Shule nyingine 70 zilipata ruzuku ileile, na walimu wao wakalipwa bakshishi kwa kila mtoto aliyefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu. Hapo ndipo alama zilipopanda. Kifaa kinahitaji mtu mwenye sababu ya kukitumia.

Mnaniambia mbona shule hazijawahi kulalamika. Zilalamike vipi? Mgeni amefika na diwani na mpiga picha, watoto wamefundishwa wimbo wiki nzima. Mwalimu mkuu atakataa mbele ya nani? Atapokea, atasaini, atashukuru. Kisha hawezi hata kuvitupa, maana mfadhili anaweza kurudi mwakani kuvitazama. Ndiyo maana vinakaa stoo. Na nauli ya meli, wakala wa forodha na lori la kupanda nalo mpaka kijijini vimeshalipwa, kwa fedha ambazo zingenunua vitabu vya Kiswahili Dar es Salaam.

Haya, mnataka kusaidia. Mpigieni mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, kila mmoja kivyake, muone kama wanataja hitaji moja. Vitabu vya hadithi nunueni hapahapa, Mkuki na Nyota au E&D Vision; nakala nyingi za vitabu vichache ili darasa lisome pamoja, na funguo za kabati akae nazo mwalimu wa darasa. Vya kiada, angalieni mtaala mpya ulioanza Januari 2024 kabla ya kutoa hata senti. Kuna mwalimu wa kujitolea? Mlipeni posho ya mwaka mzima au msianze. Darasa la nne lina wasiojua kusoma? Gharamieni saa moja kwa siku ya kuwapanga kwa uwezo badala ya darasa, kama Zambia inavyofanya kwa mpango wake wa Catch Up. Wazazi wamechanga mahindi ya uji? Ulizeni nani anamlipa mpishi. Kijiji kimesimamisha boma la darasa likaishia kwenye lenta? Paueni. Na kabla ya kutangaza maktaba, hesabuni matundu ya vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25.

Kijana wa Uingereza aliniuliza basi kontena alifanyeje. Nikamwambia kwanza alifungue. Kamusi, atlasi na vitabu vya sayansi vya sekondari avitenge, aniletee orodha, nitamtafutia mkuu wa shule atakayechagua anachokihitaji. Vilivyobaki aviuze hukohuko, atume fedha. Akanyamaza kidogo. Akasema wenzake hawatakubali, maana picha za kontena wameshazirusha.