"Sauti Ambata" Si "Mwangwi"

Mfasiri wa vitabu vya muziki aweza kushawishika kuziita hamoniki "mwangwi". Istilahi hiyo haifai. Mwangwi ni sauti iliyogonga kizuizi ikarejea baadaye. Hamoniki huambatana na sauti ya msingi tangu mwanzo. Uzi wa gita unaotetema mara 220 kwa sekunde hutoa pia mitetemo ya mara 440, 660, 880 na kuendelea. Kwa hiyo "sauti ambata" ni istilahi iliyo bora.

Tofauti hii hudhihirika katika sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme. Mwaka 1967, John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aligundua kwamba mtetemo mmoja ukiyumbisha upesi kasi ya mtetemo mwingine, sauti ambata nyingi huzaliwa. Kiasi cha uyumbishaji kikiongezwa au kupunguzwa polepole, sauti ileile hugeuka ingali ikisikika. Kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983 kilitumia njia hiyo.

Mwanafunzi aliyefundishwa "mwangwi" hapa atatafuta ukuta usiokuwapo. Istilahi njema humwonyesha msomaji jinsi kitu kinavyotenda kazi.