Kompyuta Isiyo na Diski Inapokataa Kuwaka

Baadhi ya shule na ofisi hutumia kompyuta zisizo na diski, ambazo hupokea mfumo wake, kama vile Linux, kutoka seva moja kupitia waya wa mtandao. Zinapokataa kuwaka, mwenye mali huweza kuambiwa kwamba zimekufa na hana budi kununua nyingine. Tunamshauri asitoe fedha kabla ya kuuliza: zimepewa anwani gani ya seva? Kompyuta kumi haziharibiki asubuhi moja.

Kompyuta ya namna hii huuliza mtandaoni, kwa utaratibu wa DHCP, na kujibiwa mambo matatu: anwani yake yenyewe, anwani ya seva, na jina la faili la kuanzia. Kisha huliomba faili hilo kwa TFTP. Anwani ya seva ikikosewa, kompyuta nzima kabisa hukwama hapo.

Maandishi ya skrini yapigwe picha kabla ya kumwita fundi. PXE-E51 maana yake hakuna aliyejibu. PXE-E53, jibu limekuja bila jina la faili. PXE-E32, faili limeombwa lakini seva haikuitika, labda kwa sababu anwani si yake, au imezimwa.

Chanzo kinachosahaulika upesi ni ruta mpya ya intaneti. Nayo hugawa anwani, na kompyuta ikilipokea jibu lake badala ya lile la seva, haitajua mfumo uliko. Dalili yake ni kuwaka leo na kugoma kesho. Fundi huzima ugawaji huo katika ruta, mradi ahakikishe seva inavihudumia vifaa vyote vilivyobaki. Kazi hiyo haihitaji kifaa kipya.

Pengine seva yenyewe ndiyo iliyobadilishiwa anwani, na mstari wa next-server katika faili la dhcpd.conf umebaki na ile ya kale. Hapa tahadhari inahitajika: katika mifumo inayotumia NFS, anwani huweza kuandikwa mara ya pili, penye neno nfsroot. Fundi akirekebisha ya kwanza tu, kompyuta itaanza kuwaka kisha isimame katikati, na mteja atatozwa tena.

Mteja adai risiti inayoonyesha anwani ya zamani, anwani mpya, na kila faili lililoguswa.