Unga wa Manjano wa Viazi na Tomati

Kama unalima viazi ao tomati katika milima ya Kivu, labda umekwisha kuuona unga wa manjano unaotiwa katika pompi pamoja na maji, na kumwagwa juu ya majani wakati wa mvua. Jina lake ni mankozebu. Msaada wake ni wa kweli: unakaa juu ya jani kama ngozi, na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Lakini hauponyi jani lililokwisha kuoza. Anayeumwaga juu ya shamba lililokwisha kuharibika anapoteza pesa yake bure.

Wengine wananiambia: "Munganga, ninauchanganya kwa mikono miaka yote, na sijafa." Ni kweli, hauui upesi. Kuna dawa za wadudu za jamaa ya karbamati zinazoleta mate, jasho na kubanwa kifua siku ileile. Mankozebu si hivyo. Inawasha ngozi, macho na koo. Hapo watu wanadanganyika, maana dawa hii inageuka.

Ndani yake mna manganezi, zinki na kiberiti. Ikipata unyevu na joto inavunjika polepole. Inatoa hewa inayoshika moto, na kuacha sumu nyingine iitwayo ETU. Moto wa chungu pia unaigeuza hivyo. Kwa hiyo osha tomati kwa maji mengi mbele ya kupika. Sumu hiyo inazuia kazi ya tezi ya shingo, ile inayovimba kuwa rovu, na katika wanyama waliojaribiwa iliharibu watoto tumboni. Mwisho wa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu mankozebu, na hatari kwa mtoto aliye tumboni ilikuwa moja ya sababu.

Basi mama mwenye mimba asiishike, wala asifue nguo za mwenye kumwaga dawa. Mfuko usikae chini ya kitanda, wala chini ya bati linalovuja. Uwekwe pakavu, mbali na moto na chakula. Vaa glavu, changanya kwa fimbo, funika pua, upepo uwe mgongoni. Usioshe pompi mtoni, samaki watakufa. Mbele ya kuvuna, ngoja siku zilizoandikwa kwenye mfuko.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15. Mtu akiimeza, usimtapishe. Mlete hospitali upesi pamoja na mfuko wenyewe, tusome jina la dawa. Maana vifuko vidogo vya sokoni mara nyingi havina jina, na munganga anabaki kubahatisha.